Kwa nini Windows inashusha toleo jipya bila kukuuliza, na jirani yako anayelitaka bado hajalipata

Ukikaa na watu wanaotumia kompyuta kila siku, mafundi, wenye steshenari, wanafunzi wa chuo, utasikia malalamiko mawili kuhusu apdeti za Windows, na ukiyasikiliza vizuri utaona yanapingana kabisa. Mmoja anasema bando lake limeisha usiku, asubuhi anawasha laptopu anakuta duara linazunguka, anaambiwa asizime mashine, na yeye hakuomba chochote. Mwingine anasema toleo jipya limetangazwa mwezi mzima umepita, rafiki yake analo, yeye kila akibonyeza kuangalia anaambiwa mashine yako iko sawa, hamna kipya. Huyu kaletewa asichotaka, yule kaomba kanyimwa. Wote wawili wana haki ya kukasirika, ila wanakasirikia vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya, ndio maana nimeona niifungue hii habari taratibu kuanzia mwanzo.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Kabla ya hapo toleo jipya la Windows lilikuwa kitu cha kununua, unakuta kwenye CD au kwenye kompyuta mpya (au fundi anakuwekea lile alilonalo, tusidanganyane), na kama hulitaki unabaki na la zamani miaka na miaka hakuna anayekusumbua. Safari hii Microsoft wakasema ni bure kwa mwaka mmoja, kwa kila mwenye Windows 7 au 8.1 halali, mwisho tarehe 29 Julai 2016. Na ilikuwa bure kweli, na toleo lenyewe lilikuwa zuri, hilo siwezi kulikataa, likarudisha ile menyu ya kuanzia ambayo watu waliililia sana kwenye Windows 8. Yaani kitu chenyewe hakikuwa na shida kubwa, shida ilikuwa njia waliyopita kukileta ndani ya nyumba za watu.

Njia yenyewe ni Windows Update. Ichukulie kama bomba la maji linaloingia kwako. Kwa miaka mingi watu walifundishwa, tena na mafundi, na Microsoft wenyewe, kwamba hilo bomba usilifunge, liache wazi lijiendeshe lenyewe, kwa sababu ndimo zinamopita dawa, zile marekebisho za usalama zinazoziba matundu kabla wezi hawajayatumia. Ushauri mzuri na watu wakautii. Sasa mwaka 2015 ndani ya bomba lile lile la dawa ikapitishwa kitu cha biashara. Kulikuwa na apdeti moja yenye namba KB3035583, maelezo yake ya mwanzo yalisema tu kwamba inaiongezea Windows Update uwezo wa kutoa taarifa, basi, hakuna zaidi. Kumbe kazi yake ilikuwa kuweka kialama cha Windows 10 pale chini kwenye kona ya skrini, kukukumbusha kila mara kwamba ofa ipo, weka nafasi yako. Waliojua kuiondoa wakaiondoa, ikarudi. Wakaificha, ikaja tena. Na hapo ndipo watu walioelewa kompyuta walianza kuchemka, kwa sababu ukimwambia mtu sitaki mara mbili halafu anarudi mara ya tatu, tabia hiyo ina jina lake.

Septemba 2015 ikajulikana jambo kubwa zaidi. Mashine zilikuwa zinashusha faili zenyewe za Windows 10, kati ya GB 3.5 na GB 6, kwenye folda iliyofichwa, hata kwa mtu ambaye hakuweka nafasi wala kukubali. Microsoft walipoulizwa walikubali kwamba ndivyo, wakasema kwa wale walioruhusu apdeti zijiendeshe zenyewe wanawatayarishia mashine ili siku wakiamua iwe rahisi. Soma tena hiyo sentensi. Ruhusa niliyoitoa kwa ajili ya dawa imetafsiriwa kuwa ruhusa ya kuniletea nyumba nzima.

Kwa mtu wa Redmond, kule Marekani yaliko makao makuu ya Microsoft, mwenye intaneti isiyo na kikomo, GB 6 ni kitu kidogo, zinashuka akiwa anakunywa chai. Kwetu sisi mtu wa kawaida ananunua bando la siku au la wiki, la GB chache, anawasha hotispoti kwenye simu, anaunganisha laptopu atume barua pepe mbili na kiambatanisho, basi. Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui na ndilo linalouma zaidi. Windows 7 haikuwa kabisa na mahali pa kuiambia kwamba intaneti hii ni ya kupimiwa, kitu hicho kilianza na Windows 8. Kwa Windows 7, hotispoti ya simu yako na fiba ya ofisi ni kitu kimoja, Wi-Fi ni Wi-Fi. Kwa hiyo mtumiaji aliyekuwa na mashine ya zamani, ambaye ndiye mara nyingi mwenye hali ngumu zaidi, ndiye aliyekuwa hana kinga hata moja, bando linanyonywa na haoni hata kidirisha cha kumwambia nini kinashuka.

Kisa kimoja cha 2016 hunijia kila nikiongelea hili. Kule Chinko, hifadhi iliyo mashariki mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu wanaolinda wanyama dhidi ya majangili walikuwa na laptopu za kufadhiliwa, na intaneti yao ni ya setilaiti, ile unayolipia kwa kila MB tena kwa bei ya kuumiza. Mashine zikaanza kushusha Windows 10 zenyewe. Wao wenyewe walieleza hasira yao waziwazi, kwamba vifaa hivyo ndivyo wanavyotumia kuratibu askari wa doria porini wenye silaha, na mashine ikizima kujipandisha toleo katikati ya kazi mtu anaweza kufa. Nadhani yule aliyebuni huo mpango ofisini hakuwahi kumfikiria mtu wa Chinko hata dakika moja, na hilo ndilo kosa lenyewe, walipanga usambazaji kwa kumwangalia mteja wa aina moja tu.

Mambo yakazidi. Februari 2016 Windows 10 ikahamishwa kutoka apdeti ya hiari kuwa apdeti inayopendekezwa, na kwa kuwa mashine nyingi zilikuwa zimewekwa zichukue yanayopendekezwa zenyewe, kidirisha kikawa kinajianzisha. Kwenye kituo kimoja cha televisheni cha Des Moines, Iowa, mtabiri wa hali ya hewa yuko hewani anaonyesha ramani ya mvua, kidirisha cha Windows 10 kikatokea juu ya ramani. Halafu Mei 2016 ikaja ile ya alama ya X. Tangu Windows 95, X pale kwenye kona maana yake ni moja, funga, ondoka, sitaki. Kidirisha kipya kilikuwa kinasema toleo jipya limepangiwa siku fulani saa fulani, na ukibonyeza X kilihesabu kwamba umekubali, ratiba inabaki palepale. Mtu anafunga dirisha akijua kakataa, anaondoka, akirudi anakuta mashine nyingine kabisa.

Hii ya X mimi naiona nzito kuliko zote, hata kuliko ya bando, kwa sababu bando unanunua lingine. Mtu aliyezoea kwamba kukataa ni kukataa, ukimbadilishia maana ya kitufe kimyakimya umemvurugia kitu ambacho alichukua miaka kujifunza, na wazee wetu tuliowafundisha kompyuta kwa shida, ukisema bonyeza pale kwenye X itaondoka, hao hawana namna ya kujua kwamba siku hizi X imegeuka. Chris Capossela, aliyekuwa mkuu wa masoko wa Microsoft, mwishoni mwa 2016 alikiri kwenye mahojiano kwamba hapo walivuka mpaka, na kwamba yale majuma mawili ya kungoja marekebisho yawafikie watu yalikuwa machungu kwao. Kabla ya hapo mwanamke mmoja wa California mwenye biashara ndogo ya safari, ambaye kompyuta yake ya kazi iliharibika baada ya kujipandisha toleo, alishinda kesi kwenye mahakama ya madai madogo akapewa dola 10,000, Microsoft wakaacha rufaa. Mwisho wa Juni 2016, ukiwa umebaki mwezi mmoja tu ofa iishe, ndipo kidirisha kikabadilishwa kikawekwa chaguo la wazi la kukataa. Mwezi mmoja kati ya kumi na miwili.

Sasa swali, walikuwa na haraka ya nini na kitu wanachogawa bure? Mwaka 2015 walikuwa wametangaza kwamba Windows 10 itafika vifaa bilioni 1 ndani ya miaka miwili mpaka mitatu. Walitaka waandishi wa programu wahamie kwenye duka lao, na duka linataka watu, na watu walikuwa wamekaa kimya kwenye Windows 7 wameridhika. Pia kulikuwa na sababu ya haki kabisa na naomba tusiidharau: Windows XP iliachwa rasmi tarehe 8 Aprili 2014 na bado mashine nyingi sana duniani ziliendelea nayo, bila dawa, ziko wazi, na kampuni haikutaka hadithi hiyo ijirudie kwa Windows 7. Lengo la bilioni 1 lenyewe halikufikiwa kwa wakati, kufika Juni 2016 walikuwa na zaidi ya milioni 350, na bilioni wakaifikia Machi 2020.

Lakini angalia gharama yake. Watu walipoona bomba limeanza kuleta vitu wasivyoviomba walifanya jambo ambalo mtu yeyote angefanya, wakafunga bomba. Wengine walitumia viprogramu vya kuzuia tu Windows 10, kama Never10 ya Steve Gibson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, hao walikuwa salama. Ila wengi, na mafundi wengi wa mtaani, waliona njia fupi, zima Windows Update yote, mteja afurahi bando lisiliwe. Basi tarehe 12 Mei 2017 ikaja WannaCry, kirusi kinachofunga faili zako kinadai pesa, kikapiga hospitali za Uingereza na mashine kwenye nchi zaidi ya 100, na sehemu kubwa ya mashine zilizopigwa zilikuwa Windows 7. Dawa yake ilikuwa imeshatolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Zilizopokea zilipona. Sisemi kila aliyepigwa alikuwa amezima apdeti kwa sababu ya Windows 10, hapana, maofisi makubwa yana sababu zao nyingi za kuchelewa, lakini kampuni inayoendesha bomba la dawa haitakiwi kumpa mtu yeyote sababu ya kulifunga, hata mmoja, na wao waliwapa watu sababu kwa mwaka mzima.

Ujerumani chama cha kutetea watumiaji cha Baden-Württemberg kiliwashtaki kwa ile habari ya kushusha faili bila ridhaa, kesi ikaenda muda mrefu, na Agosti 2017 Microsoft wakaahidi kimaandishi kwamba hawataweka tena faili za mfumo mpya kwenye diski ya mtu bila yeye kukubali. Ahadi nzuri, imechelewa miaka miwili.

Hiyo ni hasira ya aliyeletewa. Turudi kwa yule anayengoja.

Toleo kubwa la Windows haliachiwi dunia nzima kwa mpigo. Windows inakaa kwenye mashine za kila namna, prosesa tofauti, kadi za sauti tofauti, printa za mwaka 2009 ambazo bado zinafanya kazi, kwa hiyo wanaachia kwa mawimbi: kwanza mashine ambazo wana uhakika nazo, wanaangalia ripoti za makosa, wanapanua, na wakigundua aina fulani ya mashine ina tatizo na toleo hilo wanaiwekea kizuizi, haitapewa mpaka tatizo litengenezwe. Ndio maana wewe na rafiki yako mna laptopu zinazofanana kwa nje na yeye anapata, wewe hupati, kumbe ndani kuna dreva moja tofauti, yaani kile kiprogramu kinachoendesha kifaa kimoja cha mashine. Kinachokera ni kwamba kwa muda mrefu hawakukwambia sababu, unaambiwa tu uko sawa, mtu anadhani mashine yake imeharibika, anaiformati bure.

Na kwamba mawimbi yana maana tuliona Oktoba 2018. Toleo la Windows 10 lenye namba 1809 liliachiwa tarehe 2, tena bila kupita kwenye lile kundi la mwisho la wajaribuji, na baada ya siku chache watu wakaanza kulia kwamba picha na hati zao zimefutika. Tatizo lilikuwa kwa wale waliohamisha folda zao za nyaraka kwenda mahali pengine na faili zikabaki kwenye folda ya zamani, apdeti ikaiona ya zamani kama taka ikaifuta na vilivyomo. Wakasimamisha, wakalirudisha Novemba 13. Walisema walioripoti kupoteza faili ni sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Namba ndogo, ndiyo, ila kama picha za harusi yako zilikuwa humo basi kwako ni asilimia mia.

Na waliolipata la 1809 mapema ni akina nani? Wale waliobonyeza kitufe cha kuangalia apdeti. Hapa ndipo uchungu wa makundi yote mawili unapokutana. Mtu mwangalifu anabonyeza ili ajue kama kuna dawa mpya, Microsoft wanahesabu kwamba huyu ni mtafutaji, ana hamu, mpe toleo jipya zima awe wa kwanza. Yaani kile kitufe kilikuwa na maana mbili na mbonyezaji aliambiwa moja. Ukitazama ni kosa lilelile la X, limevaa nguo nyingine.

Hili walilitengeneza, na lilitengenezwa kwa sababu watu walipiga kelele. Kuanzia toleo la Mei 2019 kuangalia apdeti na kuchukua toleo jipya vikatenganishwa, toleo jipya likawa na sehemu yake ya kubonyeza, usipobonyeza halishuki mpaka lile ulilonalo likaribie kuachwa, na hata wenye Windows ya nyumbani wakapewa uwezo wa kusimamisha apdeti siku 7 na kurudia mpaka siku 35. Miaka minne ilipita tangu 2015 kufika hapo.

Windows 11 imekuja Oktoba 2021 na ugomvi mpya ambao kwetu una uzito wa peke yake. Safari hii sio kulazimishwa, ni kufungiwa mlango. Wanataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Programu yao ya kupima mashine ilipotoka Juni 2021 ilikuwa inakwambia tu hapana, haifai, bila kusema kwa nini, wakaiondoa baada ya siku chache, ikarudi baadaye ikiwa na maelezo. Sasa tembelea duka lolote la laptopu za mtumba, Kariakoo au Nairobi, angalia zile ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizotoka maofisi ya Ulaya, unakuta nyingi ni kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Mashine nzima, kioo safi, ukiiwekea SSD, ile diski ya kasi, inakimbia, mwanafunzi kaikusanyia pesa mwaka mzima. Na Windows 10 imeachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025.

Wamefungua dirisha la mwaka mmoja, dawa za usalama zitaendelea mpaka tarehe 13 Oktoba 2026 kwa atakayejiandikisha, ama kwa dola 30, ama kwa pointi 1,000 za zawadi za Microsoft, ama kwa kuingia na akaunti yao na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Watu wa eneo la uchumi la Ulaya wamepunguziwa masharti baada ya watetezi wao kubana. Huku kwetu hakuna aliyebana. Laptopu ile ile iliyotoka ofisini Ujerumani, ikiwa Ujerumani ina masharti mepesi, ikishuka bandarini Dar ina masharti mazito.

Ukiwa na Windows 10 au 11 na unatumia hotispoti, ingia kwenye mipangilio ya ile Wi-Fi, kuna swichi imeandikwa Metered connection, iwashe, matoleo makubwa hayatashuka yenyewe. Lazima uwashe kwa kila Wi-Fi peke yake, ukibadilisha simu ya hotispoti inasahau. Halafu ukiwa mahali pa intaneti nzuri, chuo au kwa ndugu, izime kwa saa moja upokee dawa, usikae miezi bila.

Na kwa ofisi au shule yenye mashine nyingi kuna jambo ambalo lilikuwa ubaya na linaweza kugeuzwa likawa uzuri. Windows 10 ilikuja na mtindo wa mashine kugawiana apdeti, na kwa matoleo ya nyumbani na Pro ilikuwa imewashwa tangu mwanzo hata kwa mashine za watu usiowajua kwenye intaneti, yaani bando lako linatumika kumpelekea mgeni. Ingia kwenye mipangilio ya apdeti, sehemu ya usambazaji, uchague mashine za mtandao wa ndani tu. Hapo mashine moja ikishashusha, zilizobaki zinachukua kwake kupitia ruta yenu. Na kama ni toleo zima, tumia ile programu yao ya kutengeneza flashi, flashi ya GB 8 inatosha, unashusha mara moja usiku wa bando la bei nafuu na unazunguka nayo chumba kizima.